Vijana wangu wa kusafisha vioo: nifanyeje nikiwa sipo kazini?

MtuWaVioo

Wakuu, habari za jioni. Nina kampuni ndogo ya kusafisha vioo hapa Dar. Ndogo kweli: vijana wanne wa kudumu, wawili wa kuita kazi zikizidi, kirikuu (kile kigari kidogo cha mizigo) ya kukodi siku za kazi kubwa, ngazi tatu, ndoo na makolokolo yake. Wateja wengi ni nyumba za Masaki, Oysterbay na Mbezi Beach, maduka kadhaa ya Mikocheni na ofisi mbili. Kazi ipo, siwezi kulalamika. Upande wa baharini kaskazi ikianza kuvuma, chumvi inaganda kwenye vioo mpaka mtu aliyeko sebuleni haoni geti lake, na wenye nyumba wanapiga simu wenyewe.

Shida ni siku ambazo mimi sipo. Zamani nilikuwa napanda ngazi pamoja nao. Sasa niko Posta nafuatilia malipo ya ofisi fulani iliyonizungusha, au niko Bunju nakagua nyumba mpya, na vijana wako Masaki peke yao. Hapo ndipo mambo yanapoanza.

Jumapili moja natoka kanisani, bajaji ikakata njia za ndani Mbezi Beach kukwepa foleni. Nikaona ngazi yangu imeegemea ukuta wa mteja wangu. Naijua, maana miguu yake niliipaka rangi nyekundu isije ikachanganyika na za mafundi wengine. Juu yake yupo kijana wangu mkubwa, yule ninayemtegemea kuliko wote, anavuta kioo taratibu kabisa, na fulana ya kampuni kavaa. Sikushuka. Nikamwambia dereva twende.

Wiki hiyo hiyo mama mmoja wa Oysterbay akanipigia: hereni zake za dhahabu hazipo kwenye meza ya kujipambia, na walioingia chumbani ni vijana wangu. Vijana wanakana. Dada wa kazi anakana. Mama anasema nimlipe au anakwenda polisi.

Halafu kuna hili dogo ambalo ndilo linaloninyima usingizi: kazi inafanyika nusunusu. Nikisimama pale, vioo vinang'aa. Nikigeuza mgongo, pembeni kuna maji, reli za milango ya kusukuma zimejaa mchanga, na mteja ananitumia picha WhatsApp ikiwa na alama ya kuuliza tu, hata salamu hakuna.

Rafiki yangu mmoja anasema weka kamera. Mwingine anasema fukuza wote uanze upya. Mke wangu anasema ajiri ndugu. Kwenye ndugu nimeshapita, tuliache hilo. Naomba ushauri wa wenye biashara za watu wanaoingia majumbani kwa watu, iwe usafi, AC, mabomba hata bustani. Mnawaamini vipi? Na huyu wa ngazi nimfanye nini, maana bado hajui kwamba nilimwona.

---

Mtoto wa Kigogo

Mkuu, mbona unajiuliza? Kavaa fulana yako, kabeba ngazi yako, yuko kwa mteja wako. Fukuza leo leo. Na hereni ni wao wao, nani mwingine? Vijana wa mjini hawa ukiwachekea unavuna mabua.

---

MamaNdoo

Kijana, hukusalimia wakubwa lakini nimekusamehe, una mawazo.

Usimsikilize huyo wa Kigogo kwanza. Nijibu mambo matatu. Nyumba ile ya Mbezi Beach unatoza shilingi ngapi, na vijana wanapata ngapi humo? Pesa mteja anamkabidhi nani? Na kwenye simu ya mteja, namba iliyohifadhiwa "mtu wa vioo" ni ya nani?

---

MtuWaVioo

Shikamoo mama, samahani.

Ile ni ghorofa moja, nje na ndani pamoja na nyavu za mbu, laki na themanini. Wanakwenda wawili, siku nzima, kila mmoja elfu kumi na tano. Nauli wanajitegemea. Mteja analipa taslimu kwa kijana mkubwa, ananiletea jioni, na sijawahi kuona pungufu hata shilingi. Namba ya kwangu nadhani anayo, lakini anayepiga akiwa getini ni kijana, kwa hiyo watakuwa wanawasiliana wao.

---

MamaNdoo

Marahaba.

Basi panda ngazi ile wewe, uangalie ukiwa juu. Unapokea laki na themanini mkononi mwako. Unazihesabu mbele ya mteja. Unazibeba kwenye daladala, umezibana kwenye mkanda usiibiwe, mpaka kwa bosi. Bosi anachomoa elfu kumi na tano anakupa, na mwenzako vivyo hivyo. Nauli umetoa wewe, mihogo ya mchana umenunua wewe. Unarudi kwako Tandika ukijua laki moja na nusu imebaki mezani kwa mtu ambaye leo hakushika hata ndoo. Wewe una habari za kodi, kirikuu, sabuni, na ile ofisi iliyokuzungusha. Yeye hana. Hukuwahi kumwambia, na kwa nini umwambie? Ni mfanyakazi tu. Lakini hesabu anayo, kwa sababu wewe mwenyewe umempa azibebe hizo pesa.

Sasa siku mteja anamwambia, "Kwani lazima nipitie kwa bosi wako?" Mteja ndiye huanza mara nyingi, msijidanganye. Kijana atajibu nini?

Simtetei. Kuchukua ngazi ya mtu bila ruhusa ni wizi hata kama jioni imerudi mahali pake. Ila angalia ulichokisema mwenyewe: hajawahi kupunguza hata shilingi. Mtu huyo huyo anabeba laki na themanini zako bila kugusa, halafu Jumapili anakuchukulia mteja. Kwake hayo ni mambo mawili tofauti. Pesa ni zako, amekuletea. Mteja anaona ni wake, maana wewe ni sauti tu kwenye simu, na yeye ndiye anayemjua mbwa kwa jina.

Mimi nilianza kwenye usafi wa hoteli, vyumba na vioo, miaka ile vikwangulio tunagawana. Sasa nina kundi langu, wanawake kwa wanaume, tunafanya zaidi nyumba zinazotoka kwa mafundi, zile za kukwangua rangi na saruji kwenye vioo. Sijawahi kupata watu malaika. Nilichofanya ni kuondoa vishawishi njiani, basi.

Pesa hazipiti mikononi mwa kijana. Nina Lipa Namba, ile namba ya kupokea malipo kwa simu, yenye jina la biashara, imechapishwa kwenye kadi anayoacha kwa mteja. Asiyetaka simu anangoja nije mwenyewe au anaandikiwa risiti. Ila mteja akimpa kijana bahashishi, hiyo ni yake yote, siiulizi wala siitaki nijue. Ukianza kuigusa ile, umewafundisha kuficha.

Nauli na chakula natoa asubuhi kabla hawajaondoka. Naona wenzangu wengi wanabana hapo, halafu wanashangaa wateja wakilalamika kwamba vijana wanaomba chai jikoni.

Malipo ya siku nayo yapo palepale, lakini nyumba ikiita tena, waliokwenda mara ya mwisho wanapata kitu juu. Si kikubwa. Ila sasa kijana akimwambia mteja "ukituhitaji piga namba iliyo kwenye kadi," ana faida yake humo. Na jioni ya kila kazi napiga simu mimi. "Mama, vijana wamemaliza vizuri?" Dakika mbili. Mteja anajua kazi hii ya vioo ina mwenyewe.

Kazi ya nusunusu nitarudi baadaye, nina ubwabwa jikoni.

---

MtuWaVioo

Mama, nakusikia, lakini hesabu hiyo ni ya upande mmoja. Kuna wiki nafanya kazi tatu tu na mishahara iko palepale. Ofisi inakaa miezi miwili haijalipa. Kijana analala amelipwa, mimi nalala nadaiwa. Nikianza kugawa nyongeza kila nyumba ikiita tena, mimi nabaki na nini?

---

MamaNdoo

Unabaki na mteja.

Na hayo uliyoniandikia mimi, wao hujawaambia. Chukua nyumba moja, kaa nao, waandikie kwenye karatasi: hii sabuni, hii kirikuu, hili fungu la ngazi, hii kodi, hii siku ambazo hakuna kazi na mnalipwa. Watabisha mambo mawili matatu, na huenda moja wakawa sahihi. Mimi walinibishia bei ya sabuni, kumbe kweli nilikuwa nanunua chupa ndogo ndogo kwa bei ya juu wakati kuna madumu. Lakini laki na nusu ile haitabaki laki na nusu vichwani mwao.

---

Zamani Nilipanda

Wakuu naomba niingie. Kazi hiyo nimeifanya kabla sijahamia kwenye bodaboda, kwa hiyo nasema kutoka juu ya ngazi.

Bosi wangu alikuwa na tabia ya kupiga simu kila baada ya nusu saa. "Mmefika wapi?" Niko juu, mkono mmoja umeshika skwiji (kile kifaa chenye mpira cha kuvuta maji kwenye kioo), mwingine umeshika ngazi, simu inalia mfukoni. Nipokee kwa mkono gani? Usipopokea, jioni ni maneno. Tukajifunza kupokea na kusema "tunamalizia" hata kama bado tunatoa nyavu. Hivyo ndivyo anavyofundishwa mtu uongo.

Mtu wa Vioo, hizo pembe zenye maji: mpira wa skwiji mmebadilisha lini? Mpira ukishakuwa butu au ukipata kovu hata dogo kama la wembe, unaacha mstari. Ufute mara kumi, mstari upo. Upande mmoja ukichoka unaugeuza, ukichoka na wa pili unatupa. Wewe ukiwepo pale wanafuta tena na tena kwa taulo kavu ili uridhike, ndiyo maana unaona vinang'aa. Ukiondoka nani atafuta kioo kimoja mara tatu kwa elfu kumi na tano?

Na maji. Nyumba nyingi za huko zina kisima, na maji ya kisima cha Dar unayajua, chumvi tupu. Ukisuuzia hayo halafu jua la saa sita likapiga, kioo kinakauka na madoa meupe. Mteja anasema hamkusafisha. Kijana anaapa amesafisha. Wote wanasema kweli. Sisi tulikuwa tunabeba madumu mawili ya maji ya bomba ya DAWASA kwa ajili ya kumalizia tu, na vioo vinavyotazama jua tunavifanya asubuhi au alasiri, kamwe si mchana, sabuni inakauka kabla hujaivuta.

Halafu swali ambalo hukuuliza. Wakienda wawili, mmoja ndani mmoja nje, nani anashika ngazi? Kwenye vigae vya veranda vyenye sabuni ngazi inateleza kama imepakwa mlenda. Sisi sheria yetu ilikuwa kila ukipanda mita 4, mguu wa ngazi uko mita 1 kutoka ukutani, na mtu yupo chini. Mimi niliacha kazi ile siku bosi alipotaka nitoke dirisha la ghorofa ya tatu nikae kwenye kizingiti, bila mkanda. Alisema wenzangu wanaweza. Nikamwambia basi wamwite huyo mwenzangu.

---

MamaNdoo

Umesema vizuri baba. Hayo ya ngazi yapigiwe mstari.

Narudi kwenye kazi ya nusunusu, ubwabwa umeiva. Kuna ufundi mmoja wa zamani wa hotelini ambao umeniokoa kugombana na watu. Kwenye kumalizia, wa ndani anafuta kwa mlalo, kushoto kwenda kulia. Wa nje anafuta kwa wima, juu kwenda chini. Ni sheria, habadilishi mtu. Kioo kikikauka, ukiona mstari umelala, ni wa ndani. Umesimama, ni wa nje. Hakuna cha "mimi nilishamaliza, ni huyu." Na wao wenyewe, mmoja akiwa ndani anaona makosa ya aliyeko nje kuliko mwenyewe anavyoyaona, kwa hiyo anagonga kioo kwa kucha pale penye doa, mwenzake anarudia. Wanakaguana bila mimi kuwepo. Nilipoanza kuwapa jozi za kudumu, simu za malalamiko zilipungua mpaka nikadhani simu imeharibika.

Jozi zenyewe uzipange kwa akili. Mwepesi na mwepesi watamaliza saa sita na reli chafu. Mzito na mzito, magharibi itawakuta bado wako kazini. Na usiwaweke pamoja watu wanaokaa nyumba moja, siri zao zinaanzia huko.

Kila mtu awe na skwiji yake na taulo zake, zina alama yake. Cha wote hakina mwenyewe, kinalala ndani ya ndoo na maji, mpira unaharibika, na asubuhi hakuna aliyekiacha pale.

Kabla ya kuondoka wanazunguka na mwenye nyumba au dada, chumba kwa chumba, wanafungua na kufunga kila dirisha mbele yake. Reli ndiyo ya mwisho kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Mteja akisema sawa, basi. Akipiga simu kesho yake kwamba kuna doa, wanarudi wale wale, nauli yangu, siku hiyo hawalipwi ya kurudia kama mstari ni wao. Walikubali hivyo siku ya kwanza na wakatia saini.

Sasa hereni. Hapo usilipe, na usiwatetee kwa kiapo. Hukuwepo. Mwambie yule mama unachukua jambo lake kwa uzito, waulize vijana kila mmoja peke yake na uandike: aliingia saa ngapi, meza ilikuwaje, nani mwingine alipita. Muulize mama pia, kwa adabu, mara ya mwisho kuzivaa ni lini. Akitaka polisi, aende, na vijana wako waende kutoa maelezo wakiwa na wewe kando yao. Ukilipa hereni leo kimyakimya, umewaita vijana wako wezi mbele ya mteja, na wiki ijayo nyumba ya pili itapoteza saa.

Kuanzia sasa, siku moja kabla ya kazi unamtumia mteja ujumbe: tunaomba uondoe vitu vya thamani karibu na madirisha, pazia zifungwe juu, na kuwepo mtu wa nyumbani. Vijana wakifika wanapiga picha za vizingiti na meza zilizo karibu kabla hawajagusa. Chumba cha kulala hakiingii mtu mmoja. Dada wa kazi hayupo, chumba kinarukwa, mteja anaambiwa. Wateja wazuri hawakasiriki kwa hilo, wengi wanashukuru.

Na ya mwisho, uliza polepole nani kati yao ana mkopo wa kausha damu. Si kwa kumpeleleza. Mtu anayedaiwa kila siku jioni na riba juu, hata awe mwadilifu namna gani, anapita mbele ya meza ya hereni akiwa na moyo mwingine. Mimi natoa advansi mara moja kwa mwezi, isiyozidi kiasi tulichokubaliana, inaandikwa. Imenigharimu kidogo. Kijana mmoja tu ndiye aliyetoroka nayo, akaenda Kahama, heri yake.

---

Mdau wa Kazi na Ajira

Naongeza upande wa sheria kwa kifupi, kwa sababu mwanzoni naona watu wanasema "fukuza leo leo".

Ndugu mleta mada, unawaita wawili "wa kuita". Angalia saa zao. Chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi, 2004, mtu aliyekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita anadhaniwa kuwa mwajiriwa wako mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi ni siku tano sita tu za kazi. Wa kuita wako huenda si wa kuita.

Kukata mshahara: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, 2004 hairuhusu ukate tu kwa sababu mteja amelalamika. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, apewe nafasi ya kujieleza, makato yasizidi hasara halisi, na yasizidi robo ya ujira wake. Kwa hiyo wazo la kuwagawia vijana wote wanne deni la hereni, kama lilikupitia kichwani, liache. Na mama yangu hapo juu, siku ya kurudia kazi bila malipo nayo ni ya kuangalia vizuri. Mtu akifanya kazi analipwa. Ni salama zaidi kama kinachokosekana siku hiyo ni ile nyongeza yako, mshahara ukabaki.

Kufukuza: mwenye chini ya miezi 6 kwako hana kinga ile dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Mwenye zaidi anayo, na huyo mkubwa wako nadhani ameshapita. Unahitaji sababu halali na utaratibu: barua ya tuhuma, muda wa kujiandaa, kikao ambacho anaweza kuja na mwenzake, uamuzi kwa maandishi. Usipofuata, ana siku 30 za kwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko utaulizwa karatasi, si rangi ya miguu ya ngazi.

La mwisho ni WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Watu wanapanda ngazi zako. Kijana akianguka akiwa hujamsajili, bili ya hospitali inakuja kwako, na hakuna mteja atakayekuchangia.

---

Mtoto wa Kigogo

Kwa hiyo mtu anaiba mteja halafu unamwandikia barua na kumpa muda wa kujiandaa? Hii nchi bwana.

---

Mdau wa Kazi na Ajira

Ndiyo mkuu. Na ukimpiga picha akiwa juu ya ngazi barua inakuwa fupi zaidi.

---

MamaNdoo

Mwanasheria, nimekubali kwenye ya kurudia. Nitaihamishia kwenye nyongeza. Vijana wangu wasione uzi huu tu.

---

MtuWaVioo

Wakuu nimerudi na mrejesho, na shikamoo mama.

Nilimwita yule mkubwa asubuhi kabla wenzake hawajafika. Nilikuwa nimejiandaa kumtega, nimuulize Jumapili alikuwa wapi. Nikaona haina maana. Nikamwambia nilikuona Mbezi Beach, na ngazi nikaiona. Alinyamaza, akakaa kwenye ndoo. Nikamuuliza amemtoza yule mteja ngapi. Laki moja. Na mteja ndiye aliyempigia, mama amepatia hapo, alimwambia "njoo tufanye wenyewe nami nipumue kidogo." Nikamuuliza mara ngapi. Akasema nyumba hiyo na nyingine moja, akaitaja, na hiyo ya pili nilidhani wamehama.

Nilichofanya: nimempa barua ya onyo, ameisaini. Ngazi na vifaa sasa vinalala kwangu na vinatoka kwa daftari. Nimefungua Lipa Namba. Wale wateja wawili nimewapigia mimi, bila kumtaja mtu, nikawaambia bei ya kampuni ni hii, na ukiita kampuni, kijana akivunja kioo chako nakilipa mimi. Ukimwita yeye Jumapili, mmalizane naye. Mmoja amerudi kwa laki na sitini. Mwingine alisema atafikiria, na najua anafikiria nini.

Hesabu za nyumba moja niliwaonyesha wote wanne. Kweli walibisha. Walibishia kirikuu, wanasema kazi za Masaki ngazi ya kukunja inatosha kwenye bajaji ya mizigo. Tumejaribu, inatosha. Nauli na chakula nimeanza kutoa. Nyongeza nimesema nitaanza masika ikipita, kwa sababu mvua zikianza kazi zinapungua na sitaki kuahidi nikashindwa. Hawakufurahi sana lakini hawakununa.

Mlalo na wima wamecheka siku ya kwanza. Siku ya pili niliwakuta mmoja anagonga kioo kwa kucha.

Hereni hazijapatikana. Yule mama hajaenda polisi, hajapiga tena, na kazi ya mwezi huu amesema tusubiri kwanza. Kijana mmoja kati ya wale wawili ameniomba asipangwe tena nyumba ile hata mama akiita. Sijui nimwelewe vipi, na sijamlazimisha aseme.

---

MamaNdoo

Usimlazimishe. Mtu aliyetuhumiwa hataki kurudi pale hata akiwa hana kosa, na mwenye kosa vilevile hataki, kwa hiyo hilo halikuambii kitu. Mpange kwingine, macho yako yawepo, basi.

Huyo mkubwa usimwondolee kazi zote za kuongoza kwa pamoja. Mwache aongoze ofisi, kule hakuna simu ya getini. Nyumba ziongozwe na mwingine kwa sasa. Akikaa miezi kadhaa bila neno utaona mwenyewe. Akiondoka, ataondoka na wateja wawili, si na wote.

---

MtuWaVioo

Sawa mama, nimeelewa. Zamani Nilipanda, swali la mwisho kaka: hiyo mipira ya skwiji naipata wapi peke yake? Madukani naona wanauza kifaa kizima tu, na kila nikinunua kipya ni hasara.

---

Zamani Nilipanda

Kariakoo, maduka ya vifaa vya usafi wa mahotelini, usiende kwenye ya vyombo vya nyumbani. Waambie unataka mpira wa kubadilisha, wanauza kwa kipande kirefu unakata mwenyewe kwa kipimo chako. Kabla hujalipa pitisha kidole kwenye ncha yote taratibu. Ukihisi kovu hata moja, rudisha. Na nenda asubuhi, mchana utakoma na watu.